Deni la Asiyetia Sahihi

Shabiki wa Manchester United anayeishi mtaa wa Donholm, Nairobi, hana hisa hata moja katika klabu hiyo, hajapiga kura katika mkutano wake wowote, na pengine hatawahi kukanyaga uwanja wake wa Old Trafford. Hata hivyo, jina la Glazer likitajwa pale anapotazamia mechi, atazungumza kuhusu riba na deni kwa uchungu ambao ungedhani ni wa karo ya mwanawe. Wapo wanaomcheka. Wanasema analilia mali ya watu, tena watu walio mbali, ilhali ana bili zake mezani. Kicheko hicho kina haki ya kujibiwa, kwa sababu chini ya malalamiko ya shabiki kuna swali lililoutangulia mpira wenyewe: je, ni haki kumfunga mtu kwa deni asiloliomba, asilolila, wala kulitilia sahihi? Nadhani si haki, na nadhani shabiki, hata wa Donholm, ana msingi wa kulikataa. Ila msingi huo una gharama, na wengi wetu hatujaanza kuilipa.

Tuanze na yaliyotokea. Mwaka 2005 familia ya Malcolm Glazer kutoka Marekani iliinunua Manchester United kwa takriban pauni milioni 790. Zaidi ya milioni 500 kati ya hizo zilikuwa za mkopo, na sehemu kubwa ya mkopo huo iliwekewa dhamana ya mali ya klabu yenyewe. Klabu iliyokuwa haidaiwi ikajikuta inadaiwa bei ya kununuliwa kwake. Sehemu nyingine, iliyokopwa kwa dhamana ya hisa za familia, ilitozwa riba ya zaidi ya asilimia 14 kwa mwaka. Januari 2010 klabu iliuza hati za mkopo za takriban pauni milioni 500 ili kufuta mikopo ya awali, yaani ilikopa ili kulipa. Mwaka 2012 hisa zake ziliuzwa katika soko la New York. Nusu ya fedha zilizopatikana zikaenda kwa familia, na hisa zilizobaki mikononi mwa familia zikapewa kura kumi kila moja dhidi ya kura moja ya mnunuzi wa kawaida. Karibu miaka ishirini baada ya ununuzi, mamia ya mamilioni ya pauni yalikuwa yamekwisha kulipwa kama riba, na deni la msingi la dola milioni 650 lilikuwa bado lipo. Tajiri Mwingereza Jim Ratcliffe aliponunua zaidi ya robo ya klabu mwaka 2024 na kukabidhiwa shughuli za soka, hatua za kubana matumizi ziliwaangukia wafanyakazi waliopoteza kazi kwa mamia na mashabiki waliopandishiwa bei ya tiketi msimu ukiwa katikati. Upinzani haukuchelewa. Mwaka 2005 baadhi ya mashabiki walijitenga wakaunda klabu yao, FC United of Manchester; mwaka 2010 maelfu walivaa skafu za kijani na dhahabu badala ya nyekundu; na tarehe 2 Mei 2021 waliingia uwanjani hadi mechi dhidi ya Liverpool ikaahirishwa.

Upinzani huu usidhaniwe kuwa chuki dhidi ya deni. Buruburu, jirani wa Donholm, ulijengwa kwa ajili ya watu waliokuwa wakinunua nyumba kwa mkopo, na mwenye mshahara katika mitaa hii huenda ni mwanachama wa chama cha akiba na mikopo, yaani sacco. Huko sacco kanuni zinajulikana. Mkopaji huomba kwa jina lake. Wadhamini hutia sahihi wakijua kwamba akikimbia, akiba zao zitaguswa. Fedha zikitoka, zinamfikia aliyeziomba. Ridhaa, manufaa na mzigo vinakaa kwa mtu mmoja, au kwa watu waliokubaliana kuvibeba pamoja. Tunaposema kwamba dawa ya deni ni kulipa, huwa tumekwisha kukubali kimyakimya kwamba anayeambiwa alipe ndiye aliyekula. Ukimwambia hivyo mtu ambaye hakula, methali inakuwa fimbo mkononi mwa mwenye nguvu.

Vitabu vya dini vinavyosomwa katika mitaa hii vililiona jambo hili zamani. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Sura ya Al-Baqara, inahusu deni. Inataka deni liandikwe na mashahidi wawepo, na inataka anayemsomea mwandishi maneno ya kuandika awe yule ambaye deni liko juu yake. Akiwa hana uwezo, basi msimamizi wake afanye hivyo kwa uadilifu. Mzigo unaanza na kauli ya atakayeubeba. Kumbukumbu la Torati, sura ya 24 aya ya 6, inakataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa hoja kwamba kulichukua ni kuchukua uhai wa mwenyewe. Yapo mambo ambayo hata sahihi halali haitoshi kuyaweka rehani, kwa kuwa ndiyo yanayomlisha mdaiwa. Mwislamu anaweza kuniambia kwamba nimezunguka bure, maana riba peke yake inatosha kuuharamisha mkopo wa Glazer. Kwake inatosha, nami simpingi. Lakini tufikirie mkopo uleule usio na riba hata senti: mnunuzi anakopa, mnunuliwa analipa, na hakuna aliyemuuliza mnunuliwa. Dhuluma ingepungua ukubwa, lakini ingebaki. Kwa hiyo kosa la msingi liko katika kumhamishia mtu mzigo bila idhini yake, na riba huliongeza tu uzito.

Pingamizi kali kuliko yote haliko Manchester, liko hapa Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi. Kutoka Pipeline hadi Umoja, mwenye ploti hukopa benki, hupandisha ghorofa, kisha kodi za wapangaji humlipia mkopo. Hakuna mpangaji aliyetia sahihi kwenye mkataba wa benki, na bado hatusemi kwamba amedhulumiwa. Kwa nini basi tumlaumu Glazer kwa kufanya na klabu kile ambacho mwenye ploti hufanya na ghorofa? Swali hili limeshinda hoja nyingi za mashabiki kwa sababu limejaa ukweli. Jibu lake liko katika mambo mawili. Kwanza, mkopo wa mwenye ploti umezaa vyumba ambavyo havikuwepo, na mpangaji anayelipa kodi analala ndani ya kile kilichojengwa. Mkopo wa 2005 haukujenga jukwaa wala kununua mchezaji. Ulibadilisha jina la mwenye klabu, basi. Pili, mpangaji anaweza kuhama. Kodi ikipanda kupita kiasi Donholm, atahamishia vitu vyake Tena au Kayole, na woga wa chumba kubaki kitupu ndio unaomfunga breki mwenye nyumba. Shabiki hahami. Anaweza kuacha kununua jezi, anaweza kususia mechi, lakini hageuki kuwa shabiki wa Liverpool kwa sababu tiketi zake ni nafuu. Waliokopesha fedha zile walilijua hilo vizuri: mapato ya klabu yanatabirika kwa sababu mapenzi ya watu wake hayafuati bei. Uaminifu wa shabiki ndio uliofanya mkopo uwezekane, na huo ndio hasa uliowekwa rehani. Ukikopa kwa nguvu ya kitu ambacho mwenzako hawezi kukiondoa, unawajibika kwake zaidi ya unavyowajibika kwa mpangaji wako.

Wakili atakuja na pingamizi la pili: uaminifu si hati ya umiliki. Manchester United ilikuwa kampuni ya hisa sokoni, waliokuwa na hisa walitaka kuuza, mnunuzi akalipa bei, sheria ya Uingereza ikaruhusu. Yote ni kweli. Lakini sheria ya umiliki haijawahi kuwa namna pekee ya kuelewa mali. Watu wa pwani yetu wamekuwa na wakfu kwa karne nyingi: shamba au nyumba ina msimamizi anayeikodisha, anayeitengeneza na anayeweza kulipwa kwa kazi yake, lakini si haki yake kuila asili ya mali, maana iliwekwa na waliotangulia kwa ajili ya watakaokuja. Klabu si wakfu kisheria, ila thamani yake ilikusanyika kwa njia inayofanana na hiyo. Manchester United ilianzishwa mwaka 1878 na wafanyakazi wa reli wa Newton Heath. Mwaka 1902 deni lilikaribia kuiua, ikaokolewa na John Henry Davies, mwenye kiwanda cha bia, aliyetoa fedha zake mwenyewe. Davies alikuwa tajiri na mfanyabiashara, na hakuna shabiki anayemlaani, kwani utajiri wake uliingia klabuni. Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya matajiri wawili. Rangi za kijani na dhahabu zilizovaliwa mwaka 2010 zilikuwa za Newton Heath. Waandamanaji walikuwa wanakumbusha kwamba kilichonunuliwa kilikuwa na wenyewe kabla ya mnunuzi kuzaliwa.

Na shabiki wa Donholm je? Anaingiaje katika orodha ya wenye haki? Kwanza, klabu yenyewe ndiyo iliyomfuata. Kuanzia 2011, mashindano ya vijana ya Airtel Rising Stars yalilitembeza jina la Manchester United katika nchi nyingi za Afrika, Kenya ikiwemo. Ada ya televisheni anayolipa, na macho yake ambayo wadhamini huyanunua, ni sehemu ya mapato yanayolipa deni. Haki yake si sawa na ya mtu wa Manchester ambaye baba na babu walisimama kwenye jukwaa moja. Sidhani kwamba anapaswa kuchagua kocha au kuamua bei ya tiketi. Lakini kati ya kutawala na kunyamaza kuna nafasi ya kutoa ushahidi, na anayechangia malipo ana haki ya kuuliza alichangia nini.

Pingamizi la tatu hutolewa na mashabiki wenyewe: klabu ilishinda. Baada ya 2005 Manchester United ilitwaa ligi ya Uingereza mara tano na Kombe la Mabingwa la Ulaya mwaka 2008. Kama deni ni dhuluma, mbona lilileta vikombe? Deni halikuvileta. Vilipatikana chini ya Sir Alex Ferguson, aliyekuwa kocha tangu 1986, na tangu alipostaafu mwaka 2013 klabu haijatwaa ligi tena. Sitaki kudai kwamba deni peke yake ndilo lililoleta ukame huo, kwani usajili mbovu una sehemu yake kubwa. Ila ushindi haubatilishi swali la haki. Aliyetwishwa mzigo bila kuulizwa hajaacha kudhulumiwa kwa sababu alifika salama.

Pingamizi la mwisho linauma zaidi, kwa sababu linatoka nyumbani. Gor Mahia na AFC Leopards hazina Glazer. Ni klabu za wanachama, moja tangu 1968, nyingine tangu 1964, na zote mbili zimewahi kufungiwa na FIFA kusajili wachezaji kwa sababu ya malimbikizo yaliyodaiwa na waliozitumikia. Julai 2019 Kariobangi Sharks, klabu ya Eastlands hii hii, iliishinda Everton kwa penalti pale Kasarani katika mechi iliyoandaliwa na kampuni ya kamari ya SportPesa. Mwezi uliofuata kampuni hiyo, baada ya kukosa leseni mpya, iliondoa udhamini wake wote nchini, na Gor na Leopards zikabaki bila tegemeo. Basi umiliki wa jamii umetukinga na nini? Umetukinga na jambo moja tu, kuuzwa. Haukutukinga na kuwa wadaiwa, na deni letu ni baya kwa namna yake: mkopeshaji ni kocha au mchezaji ambaye hakukusudia kukopesha. Naye hakutia sahihi ya kusubiri mshahara. Alitia sahihi ya kufanya kazi. Mwanachama anayejaza mitandao kwa kelele lakini halipi ada, na shabiki anayeruka ukuta wa uwanja ili asinunue tiketi, wamemtwika mwingine gharama ya furaha yao. Kwa kipimo nilichokitumia kumhukumu Glazer, hawa nao wana hatia.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaodhani kwamba asilimia za umiliki pekee zitatuokoa. Ujerumani ina kanuni ya kuwaachia wanachama kura nyingi katika klabu zao. Nchini Tanzania, klabu ya Simba ilipoamua mwaka 2017 kumkaribisha mfanyabiashara Mohammed Dewji, serikali iliweka sharti kwamba wanachama wabaki na angalau asilimia 51, na Yanga ikafuata mkondo huo. Hizi ni kinga nzuri, na Kenya ingefaa kuzifikiria kabla mnunuzi hajabisha hodi, maana atabisha. Lakini asilimia 51 humpa mwanachama uwezo wa kukataa tu. Hazimpi fedha za kulipa mishahara. Mwekezaji na alete fedha zake, na akikopa kwa jina la klabu, mkopo ujenge kitu cha klabu na wenye klabu waulizwe kwanza. Mwanachama naye alipe ada, aingie uwanjani kwa tiketi, na adai hesabu za mwaka kwa sauti ileile anayodai kocha mpya. Shabiki wa Donholm yuko sahihi kukataa kulipia deni la Glazer. Atakuwa sahihi zaidi, na itakuwa vigumu zaidi kumcheka, siku atakapohakikisha kwamba hakuna mchezaji wa klabu ya nyumbani anayemlipia yeye.