Je, Kusahau ni Kosa?

Vyuo vyetu vilifungwa katikati ya Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, vikafunguliwa tarehe 1 Juni. Siku chache kabla ya kufunguliwa alitujia kijana mmoja wa hapa Nguvumali, mwanafunzi wa ualimu. Baada ya kutuamkia alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, nimesahau yote. Naona haya kurudi." Tukamtia moyo, naye akapanda basi pale Kange akaenda zake. Lakini neno lake limebaki nasi, maana mtu huona haya kwa jambo alilokosa. Je, kusahau ni kosa?

Sisi tuliofundisha shule za msingi tulilijibu swali hilo kwa fimbo. Siku ya kwanza baada ya likizo tuliuliza yale tuliyofundisha kabla ya kufunga, na asiyejua alikiona cha mtema kuni. Wala hatukuona vibaya, kwa kuwa nasi tulilelewa hivyo hivyo.

Ajabu ni kwamba chuoni tulisoma habari za Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, aliyejifanyia majaribio mwenyewe na kuyatangaza mwaka 1885. Alikariri silabi zisizo na maana, akangoja, kisha akazikariri upya na kupima kazi imepungua kiasi gani. Baada ya siku moja tu akiba iliyobaki ilikuwa kama theluthi. Baada ya siku 31, kama sehemu ya tano. (Mtu atasema masomo si silabi tupu. Kweli, ingawa baadhi ya masomo yetu hayakuwa mbali nazo.) Basi sehemu kubwa hupotea mapema, mtoto akiwa bado mikononi mwetu, na sisi tuliilaumu likizo. Tena hiyo sehemu ya tano si haba: ajifunzaye upya haanzii pale alipoanzia mara ya kwanza.

Mtakatifu Agostino, mwana wa Afrika ya Kaskazini, aliliangalia jambo hili kwa njia nyingine katika kitabu cha kumi cha Maungamo yake. Anamtaja yule mwanamke wa Injili ya Luka aliyepotewa na shilingi moja. Asingaliitambua alipoiona kama asingaliikumbuka. Vivyo hivyo asemaye "nimesahau" bado ameshika ncha ya kitu. Aliyesahau kabisa hata hajui kwamba amepotewa.

Hapo atainuka mzazi aseme, "Mwalimu, wewe wawatetea wavivu." La. Uvivu upo, nasi twaujua sana. Kutofungua daftari likizo nzima ni kosa kwa aliyekuwa na nafasi. Lakini asubuhi ile ya kwanza, mvivu na yule aliyelima na mama yake masika yote husimama mbele ya mwalimu wakiwa na jibu moja, nalo ni kimya. Fimbo haiwezi kuwatofautisha. Huo ndio ubaya wake, kuliko hata maumivu yake.

Twasema haya kwa sababu ya mvulana mmoja wa darasa la sita, katika shule ambayo hatutaitaja. Alirudi kutoka likizo ya Juni, akashindwa kugawanya sehemu kwa sehemu, hesabu aliyoiweza vizuri mwezi Mei. Tulimchapa, tukamsimamisha ubaoni mpaka kengele. Kesho yake hakuja, wala keshokutwa. Tukaandika "mtoro" katika daftari la mahudhurio, tukaendelea na kipindi. Baadaye tuliambiwa kwamba likizo ile yote alikuwa akimwuguza baba yake. Hakurudi tena.

Tangu hapo siku ya kwanza tulianza kwa kuuliza, "Mnakumbuka nini?" na kuandika ubaoni kila kilichotajwa, hata kiwe kidogo namna gani. Kazi hiyo ilikula vipindi viwili. Mkaguzi mmoja aliona tunapoteza wakati.

Mwaka juzi tuliposhuka basi pale Kange, mtu mzima mmoja alitupokea mfuko akisema, "Shikamoo, mwalimu." Akaubeba mpaka kwenye bajaji, akakataa pesa. Alikuwa ni yeye. Alitukumbuka kwa jina, akauliza habari za nyumbani. Kama aliukumbuka na ubao ule, hakusema, nasi hatukuthubutu kuuliza.