Miaka Sita Bila Darasa



Tumesoma kitabu cha Clemantine Wamariya, kilichotoka 2018. Mwaka 1994, akiwa na miaka sita, aliyakimbia mauaji ya Rwanda pamoja na dada yake Claire. Walipita nchi saba, Tanzania ikiwa mojawapo, hata wakafika Marekani mwaka 2000.

Sisi walimu wastaafu twaijua miaka hiyo: ndiyo ya kutoka irabu hadi hesabu za sehemu. Yeye aliitumia kumlea mtoto wa dada yake makambini. (Halafu watu husema mkimbizi hajasoma!) Watoto wa namna hiyo tumewafundisha, wakakaa kimya dawati la nyuma. Bwana wetu naye alikimbizwa Misri usiku. Mathayo hakuandika ni nyumba ya nani iliyompokea.