Neno "Afya" Mpakani

Ukivuka mpaka baina ya Uganda na Kenya, sheria ya moshi hukufuata. Kenya ilitunga yake mwaka 2007, Uganda mwaka 2015. Zote zimekataza kuvuta sigara mahali pa hadhara, iwe Busia au Tororo. Ni haki, kwani moshi humdhuru hata asiyevuta, na tumbaku huua hadi nusu ya wavutaji wasioiacha.

Unene wa kupindukia haumwingii jirani mapafuni. Hata hivyo huandamana na kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo, nasi huusifu: "Siku hizi una afya!" Sifa hiyo ina sababu zake. Miaka ya 1980 nchini Uganda Ukimwi uliitwa "silimu", yaani ugonjwa wa kukonda, na wembamba ukawa dalili ya msiba.

Basi mvutaji twamwonya, mnene twampongeza. Je, ni yupi tuliyempenda zaidi? Sheria haiwezi kurekebisha salamu. Kazi hiyo ni yetu sisi walimu wa lugha: tulirudishie neno afya maana yake, yaani uzima, pasipo kumcheka mtu kwa umbo lake.