Vita vya Mbali na Mfuko wa Mbolea

Machi 2022 Umoja wa Mataifa ulipolaani uvamizi wa Urusi nchini Ukraine, Tanzania ilikuwa kati ya nchi 35 zilizojizuia kupiga kura. Wala hatuilaumu. Lakini Urusi ni muuzaji mkubwa wa mbolea, na vita vile vilibisha hodi hata kwa mkulima wa Iramba, asiyejua Ukraine iko wapi. Bei ikapaa. Agosti mwaka uleule Serikali ikaanza kutoa ruzuku: shilingi bilioni 150, jasho letu sote. Basi, anunuaye mfuko kwa bei ya ruzuku akauficha, kisha akamwuzia mjane kwa bei ya vita, huyo amekwisha kuchagua upande. Kuungama tu hakumtoshi. Amrudishie kwanza alichomzidishia.