Kumfunga Mnyama na Kumkumbuka

Hapana shaka kuwa kumweka mnyama wa mwituni tunduni ili watu wamtazame ni jambo lenye masuala mengi kuliko wanavyodhani watazamaji. Mzazi wa Temeke au wa Kinondoni huwachukua wanawe akavuka nao mpaka Kigamboni, nchi iliyokuwa zamani sehemu ya Temeke, ambako ilifanywa bustani ya wanyama. Huko humkuta simba nyuma ya waya. Na mtoto, kwa usafi wa moyo wake, huuliza: mnyama huyu amekosa nini hata akafungwa? Wazazi wengi hucheka wakapita. Lakini suala la mtoto ni suala la haki, nalo lapaswa kujibiwa.

Asili ya jibu yapatikana katika khabari mbili walizozipokea Bukhari na Muslim. Ya kwanza ni ya mwanamke aliyestahiki adhabu kwa sababu ya paka: alimfungia ndani, asimpe chakula wala asimwachie akajitafutie, hata paka akafa. Ya pili ni ya mtoto mdogo, Abu Umair, nduguye Anas bin Malik. Mtoto huyu alikuwa na ndege akicheza naye, na yule ndege akafa. Mtume (s.a.w.) alipomwona ana huzuni hakumkaripia kwa kufuga, wala hakuyadharau machozi yake, bali alimwuliza kwa upole khabari za ndege wake. Wanazuoni wametoa katika khabari hizi ya kuwa kufuga kwenyewe si haramu, madhali mfugwa apewa haki yake. Na dhulma ni kumzuilia kiumbe riziki yake, kisha asipewe badala yake. Na katika khabari ya Abu Umair mna funzo jingine lisiloangaliwa sana, nalo ni kuwa kumwulizia mnyama aliyekwisha kufa si upuuzi.

Basi likisha kujulikana hilo, lililobaki ni kupima: mnyama amefungwa kwa faida ya nani? Jambo hili labainishwa na khabari za chui wawili, mmoja wa Uarabuni na mmoja wa Unguja.

Chui wa Uarabuni ni mdogo wa umbo kuliko chui wa bara la Afrika, na rangi yake imepauka. Alikuwa akikaa katika milima mingi ya nchi hizo. Wafugaji wakamwua kwa kuwalia mbuzi wao, na mawindo yake ya mwituni yakapungua. Waliobakia mwituni wanakisiwa kuwa hawafiki 200. Mwaka 1985 serikali ya Oman ilikamata chui wachache katika Jabal Samhan, upande wa Dhofar, ikawaweka katika kituo chake cha kuzalishia wanyama karibu na Maskati, nao wakazaa humo. Mwaka 1997 milima ya Jabal Samhan yenyewe ikafanywa hifadhi. Wale waliokamatwa walipoteza uhuru wao. Hiyo ni hasara ya kweli, wala haifai kufichwa. Lakini walifungwa kwa kusudi linalowahusu wao, nalo ni kizazi chao kisikatike. Na wenye kuwafunga walikumbuka kuuhifadhi mlima pia, si tundu peke yake.

Ama chui wa Unguja, huyu alitengwa na ndugu zake wa bara pale bahari ilipopanda ikaifanya Unguja kisiwa, maelfu ya miaka iliyopita. Umbo lake likawa dogo, na madoa yake yakawa madogo yaliyosongamana. Mwaka 1932 mtaalamu wa Kiingereza, Pocock, alimpa jina la kitaalamu kwa kumnasibisha na Daktari Aders, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya Zanzibar. Hapana bustani iliyomzalisha. Kilichobaki mikononi mwa watu ni ngozi chache katika majumba ya makumbusho ya ng'ambo, na mmoja aliyekaushwa akawekwa katika makumbusho ya mjini Unguja.

Na ajabu ni hii: chui huyu, ambaye hakuwahi kuzalishwa katika bustani yoyote, aliuawa kwa kutuhumiwa kuwa amefugwa. Wengi mashamba waliamini kuwa wachawi hufuga chui kwa siri, wakawatuma kwa maadui zao usiku. Watafiti Martin Walsh na Helle Goldman, walioziandika khabari hizi, wameeleza kuwa walitokea hata watu waliodai kuwa waweza kuwaonyesha wageni chui wa kufugwa kwa malipo. Lakini hapana chui aliyeonyeshwa. Baada ya Mapinduzi ya 1964 kukafanywa msako wa kuwaondoa wachawi na chui kwa pamoja, ukiongozwa na mtu maarufu kwa jina la Kitanzi, na uwindaji ukaendelea baada yake. Hata ilipofika miaka ya 1990 wataalamu walikuwa na khofu kuwa amekwisha. Mwaka 2018 ilitangazwa picha ya mnyama aliyedhaniwa kuwa ni yeye, iliyonaswa na kamera iliyotegwa msituni. Lakini picha ya mmoja si uhai wa kizazi.

Kwa hivyo chui wa Oman alifungwa kwa chuma akabaki, na chui wa Unguja alifungwa kwa maneno akatoweka.

Akisema msemaji: chui alikuwa akila mbuzi na kuku, na watu walikhofia watoto wao, je, wakae wamtazame? Ataambiwa: la. Mnyama mwenye kudhuru huzuiwa dhara yake, na sharia haikumnyima mtu kujilinda. Lakini kujilinda kuna mpaka wake, nao ni dhara yenyewe. Waliotoka kumsaka chui kwa ajili ya uchawi hawakumtafuta mwizi wa mbuzi tu. Walimtafuta jirani yao ndani ya ngozi ya mnyama. Na Kur'ani imewaonya waumini wajiepushe na dhana nyingi, kwani baadhi ya dhana ni dhambi. Dhana ile ilidhulumu mara mbili: ilimvunjia heshima mtu asiye na kosa, na iliua kiumbe asiyejua analotuhumiwa.

Wala asidhani msomaji kuwa hayo ni ya Unguja na ya zamani. Bundi akilia juu ya paa la nyumba ya Mbagala, au paka mweusi akionekana mlangoni pa ajuza wa Manzese, ndimi huanza kazi ile ile. Na paka huyo, wasemavyo wataalamu, asili yake ni kimburu, paka wa mwituni aliyeingia majumbani kwa kufuata panya katika maghala ya nafaka. Alikuja kwa manufaa ya watu akakaa nao. Naye hupigwa mawe kwa dhana ya usiku mmoja.

Ikiwa ni hivyo, kumkumbuka mnyama aliyetoweka si kutazama ngozi yake na kusikitika. Kumkumbuka ni kutaja kilichomwondoa, ili kisiwaondoe waliobaki. Anayemweka mnyama tunduni ana wajibu wa chakula, maji, kivuli na nafasi. Akishindwa na hayo, khabari ya mwanamke na paka yamhusu yeye. Na anayelipa kiingilio akatazama ana wajibu wake pia: akimwona mnyama amekonda, au hana maji, asinyamaze, kwani fedha yake ndiyo iliyomweka pale.

Na mtoto aulizapo mnyama huyu amekosa nini, ajibiwe kwa kweli: hakukosa. Amefungwa kwa sababu watu wanataka kumwona, na pengine kwa sababu watu wamepafanya kwao pasikalike. Mtoto akijua hivyo atarejea Temeke na amana moyoni, asirejee na mchezo tu. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.