Kinyonga Hataki Mende

Nilimwokoa, au ndivyo nilivyojiambia, kutoka kwa watoto waliokuwa wakimrushia mawe karibu na Ngome ya Yesu. Huku kwetu kinyonga anaogopwa. Bibi alikataa hata kupanda ngazi kuja chumbani kwangu.

Siku tatu za kwanza alikula mende. Mji wa Kale mende hawakosi, nikaona mambo rahisi. Siku ya nne akagoma. Jicho moja kwangu, jingine dirishani, basi. Nikasoma mtandaoni: mdudu yule yule kila siku hamfai, apewe panzi, nyenje, nzi, vipepeo, na maji anyunyiziwe kwenye majani ayalambe. Nikawa mtu mzima wa miaka ishirini na sita anayekimbiza panzi Mama Ngina alfajiri, wazee wa mazoezi wakinishangaa. Panzi wa kwanza alimdaka kwa ulimi mrefu kuliko kiwiliwili chake. Nikafurahi kama nimelipwa makala. Wa pili hakumtazama.

Nikaanza kumwita mchaguzi. Lakini kule mtini nani humwita hivyo? Kule anachagua tu, na siku inapita. Kuchagua kunageuka ukaidi pale ambapo sahani imeshikwa na mwingine.

Hilo nalijua. Nilipoacha chuo mwaka wa tatu, Bibi alinipikia mbaazi, mahamri, samaki wa kupaka. Nyumba nzima ikaongeza na vyakula vyake: biashara hutaki? Basi ualimu. Ualimu hutaki? Basi mambo ya bandari. Walinipenda, sibishi. Ila kila sahani ilikuja na swali, utarudi lini, na koo likafunga.

Sasa mie nami nimeshika sahani. Na tusidanganyane: nje kuna kunguru, paka, na wale watoto. Chumbani kwangu alikuwa salama. Je, kukataa panzi wangu kunatosha kuwa jibu, kwa kiumbe asiyejua nimemkinga na nini? Sijui kama alikuwa akikataa chakula au chumba. Pia sheria ya wanyamapori ya 2013 inataka kibali cha kumfuga. Nililijua hilo tangu siku ya pili, nikajifanya sikusoma.

Asubuhi ya leo nilimshusha ndani ya kapu, nikimpeleka kwenye miti mbali na mawe.

"Bibi, namrudisha."

"Alhamdulillahi," akajibu kutoka jikoni. "Na wewe jioni utakula?"

"Nitakula, Bibi. Ila niache nijipakulie."

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kapu langu lina mfuniko au halina.