Mlinzi wa Meza ya Bwana

Jumapili ya tarehe 7 Agosti 1737, katika mji mchanga wa Savannah, koloni la Georgia huko Marekani, kasisi wa Kianglikana alimnyima mwanamke kijana mkate na divai mbele ya watu. Mwanamke huyo, Sophia Hopkey, alikuwa na miezi mitano tu ya ndoa. Kasisi alikuwa John Wesley, ambaye kabla ya ndoa hiyo alitamani kumwoa yeye mwenyewe, akasitasita, hata akaishia kupiga kura: vikaratasi vitatu, na kilichotoka kilisema asiliwaze tena jambo hilo. Siku chache baadaye binti akaolewa na mwingine.

Sababu alizotoa Wesley zilikuwa za kikanuni kabisa. Kitabu cha sala kilimtaka mshiriki ampe kasisi taarifa kabla ya ibada, Sophia hakutoa. Kilimtaka aliyekosa atubu waziwazi kabla ya kusogea. Wesley aliona kuna makosa ambayo Sophia hajayatubu. Kwa kanuni, kasisi alikuwa sahihi. Ndiyo maana kisa hiki kinatuhusu. Angekuwa mlevi au mla sadaka, tungemlaani na kuendelea na shughuli zetu.

Wala hakuwa mnafiki. Kule Oxford, tangu 1729, yeye na mdogo wake Charles walikuwa na kikundi cha vijana waliojipangia maisha kama ratiba ya treni: kufunga Jumatano na Ijumaa hadi saa tisa alasiri, kushiriki Meza kila wiki, kuwatembelea wafungwa, kujikagua na kuandika. Wenzao wakawacheka wakiwaita Wamethodisti, watu wa utaratibu. (Jina hilo la dhihaka lilisafiri mbali: mwaka 1862 wamisionari wa Kimethodisti walianza kazi Ribe, nyuma ya Mombasa.) Lakini alipokuwa akijiandaa kwenda Georgia mwaka 1735, Wesley alimwandikia rafiki kwamba sababu yake kuu ya kwenda ni tumaini la kuiokoa nafsi yake mwenyewe. Mchungaji anavuka bahari kuwaendea watu ili yeye apone! Mtu wa namna hiyo hawezi kumsamehe anayelegalega, kwa sababu wokovu wake mwenyewe bado uko kwenye mizani, na kila kanuni inayovunjwa mbele yake humtia hofu.

Njiani dhoruba iliipiga meli hadi Waingereza wakapiga mayowe. Abiria wenzao Wamoravia, Waprotestanti kutoka Ujerumani, pamoja na wake na watoto wao, waliendelea kuimba. Wesley aliogopa kufa, na akajua kwamba anaogopa. Alipofika nchi kavu, kiongozi mmoja wa Wamoravia, August Spangenberg, akamuuliza kama anamjua Yesu Kristo. Akajibu kwamba anajua ni Mwokozi wa ulimwengu. Sawa, akasema yule, lakini unajua kwamba amekuokoa wewe? Wesley alitoa jibu la kufaa, kisha akaandika kwenye shajara yake kuwa anahofia lilikuwa maneno matupu.

Na maneno yakiwa matupu, kanuni ndizo hujaza nafasi. Kule Savannah alisisitiza watoto wachanga wazamishwe majini, isipokuwa wazazi wathibitishe kwamba mtoto ni dhaifu. Mama mmoja alipokataa yote mawili, Wesley hakumbatiza mtoto wake. Mchungaji Johann Martin Bolzius, Mlutheri aliyewalea wakimbizi wa Salzburg waliofukuzwa kwao kwa ajili ya imani, alipoomba kushiriki alikataliwa, kwa kuwa hakubatizwa na kasisi aliyewekewa mikono na askofu. Mtu aliyelichunga kundi lililopoteza nyumba na mashamba kwa kumkiri Kristo, anaulizwa nani alimmwagia maji utotoni!

Haki itendeke: Wesley huyohuyo, alipoona watoto wenye viatu wanawacheka wenzao wa pekupeku, alikwenda kufundisha darasani bila viatu hadi kejeli ikakoma. Upendo ulikuwamo. Ulikuwa umefungiwa ndani.

Sisi tunaosoma habari hizi tusijifanye wageni nazo. Tunawajua mabinti waliopata mimba nje ya ndoa wakatengwa, wakasimamishwa mbele ya usharika kutubu, huku mwanamume mwenye mimba hiyo ameketi kwenye kwaya. Tumekaa kwenye misiba ambako wazee wa kanisa, kabla hawajauliza marehemu amefariki kwa nini, waliulizia kadi ya ahadi na mahudhurio ya jumuiya. Mimi sisemi kanisa lisiwe na nidhamu. Nasema nidhamu ya namna hiyo ina macho makali kwa wanyonge, na mara nyingi, kama kule Savannah, ndani yake mna kinyongo cha mtu kilichovaa joho. Kama Wesley mwenyewe alijua kilichokuwa moyoni mwake siku ile, Mungu ndiye mwamuzi.

Turudi Savannah. Mume wa Sophia akafungua mashtaka akidai fidia ya pauni 1,000. Hakimu mkuu wa mji alikuwa mume wa shangazi yake Sophia, na baraza la wazee wa mahakama likamwandikia kasisi mashtaka 10. Tarehe 2 Desemba, baada ya sala za jioni, huku amekatazwa kuondoka, Wesley alipanda mashua akatoroka.

Februari 1738 alikuwa London, amevunjika, na wiki chache baadaye akataka kuacha kuhubiri. Mmoravia kijana, Peter Böhler, alimshauri aihubiri imani hadi aipate. Jioni ya tarehe 24 Mei alikwenda shingo upande kwenye mkutano katika mtaa wa Aldersgate, ambako mtu alikuwa akisoma utangulizi wa Luther wa Waraka kwa Warumi. Mnamo saa tatu kasorobo usiku, alisema baadaye, moyo wake ulipata joto la ajabu, akawa na hakika kwamba dhambi zake, zake hasa, zimeondolewa. Wahubiri hupenda kuishia hapo. Januari iliyofuata aliandika kwamba yeye si Mkristo! Neema ilimwingia polepole, kama inavyowaingia wengi wetu. Wala hakutupa kanuni: mwaka 1743 alitoa kanuni za vyama vyake vya Kimethodisti, na zilikuwa kali.

Kilichogeuka ni Meza. Juni 1740 alifundisha kwamba Chakula cha Bwana kimewekwa kwa ajili ya wanaojijua kuwa wahitaji, na kwamba maandalizi yanayodaiwa ni kujua tu kwamba hustahili. Kwa kipimo hicho Sophia angepita, na Bolzius pia.

Januari 1743 zamu ikamfikia yeye. Kule Epworth, Uingereza, kwenye kanisa alilolihudumia baba yake miaka mingi, kasisi msaidizi alituma ujumbe kwamba Bwana Wesley hatapewa sakramenti, kwa kuwa hafai. Mwaka 1749 akapokea barua yenye upole kutoka Georgia. Mwandishi alikuwa Bolzius. Wesley aliinakili kwenye shajara yake, akakumbuka jinsi alivyomnyima mtu huyu Meza ya Bwana, akauliza kama kuna awezaye kuifikisha bidii ya kanuni mbali zaidi ya hapo, na akaongeza kwamba tangu wakati ule amechapwa vilivyo kwa fimbo yake mwenyewe.